Mnazi Usio na Nazi, Makete

Leo asubuhi jalidi ilikuwa imetanda nyeupe juu ya matuta ya viazi kule bondeni, na kama ilivyo desturi yangu kila Juni hapa Makete, kabla hata ya chai nilikwenda kulishika jani changa la katikati ya mti wangu na kulivuta polepole. Halikutoka.

Mama, mzaliwa wa Pangani, aliponitembelea mara ya kwanza aliniletea mche wa mnazi, nami kwa kumheshimu niliupanda, nikijua wazi kwamba hautavuka kipupwe. Haukuvuka. Michikichi husitawi Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, lakini huku juu mti wa jamii hiyo sharti uwe umezoea baridi tangu kwao. Ndipo nilipotafuta mche wa asili ya China, ambao wataalamu huuita Trachycarpus fortunei kwa kumkumbuka Robert Fortune, Mskoti aliyepeleka miche yake Uingereza mwaka 1849. Ukikomaa, huhimili hata nyuzi 10 chini ya sifuri.

Mwaka wa kwanza nusura niuue kwa huruma. Niliufunika kwa mfuko wa nailoni usiku na mchana, unyevu ukajikusanya ndani, na siku moja jani la kati likaning'okea mkononi, kitako chake kimeoza na kinanuka. Mti huu una kilele kimoja tu cha kukulia; kikifa, hauchipui ubavuni kama mgomba. Niliufunua ukauke, nikanyunyizia dawa ya ukungu yenye madini ya shaba, ya aina wanayopulizia kahawa wenzetu wa Mbozi, kisha nikangoja miezi mitatu (kungoja ndiko kulikonishinda) hadi ncha ya kijani ilipochomoza, imepungua upande mmoja kama iliyotafunwa na mbuzi.

Siku hizi huutandazia nyasi kavu shinani, na usiku usio na mawingu, ambao ndio wa jalidi, huufunika kwa gunia la katani ninaloliondoa jua likichomoza. Makuti mabichi siyakati, hata yakichanwa na upepo.

Mama yupo wiki hii. Alipapasa nyuzi za kahawia zilizouzunguka mti, akasema, "Mwanangu, hiki ni kilifu kabisa. Sasa nazi zake ziko wapi?" Nikamweleza kwamba dume na jike ni miti mbalimbali, na kwamba hata jike huzaa vitunda vidogo vyeusi visivyo na tui. Alicheka sana, kisha akaniuliza gunia liko wapi, maana jioni atalifunga yeye.