Ukurasa wa Blanketi

Julai hapa Mbeya rangi haikauki. Unapaka behewa la mfano jioni, asubuhi ukiligusa linabaki na alama ya kidole. Siku hizi napaka mchana, dirishani penye jua, jioni nakaa na kaunta buku la baba.

Alianza kuliandika baada ya kustaafu. Aliingia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kama kibarua, wakati njia inapandishwa kutoka Mlimba kwenda Makambako, pale reli inapoacha bonde la Kilombero na kuukwea mlima kwa mahandaki na madaraja. Kwamba ujenzi ulianza 1970, kwamba reli ilikabidhiwa Julai 1976 ikiwa na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hayo amemaliza kwa mistari miwili. Blanketi amelipa kurasa nne. Lilikuwa moja, wao wawili, yeye na kijana wa Njombe. Anaeleza nani alilala upande wa upepo siku gani, walivyolianika juu ya moto kabla ya kulala, na ugomvi wa siku lilipoungua pembeni. Hakuna mahali amesema walipendana kama ndugu. Husomi mbali kabla hujalijua hilo.

Tangu hapo, kila kitabu cha kumbukumbu ninachofungua natafuta ukurasa wake wa blanketi. Nisipouona nakirudisha rafuni.

Mdogo wangu ni baharia. Mwaka juzi aliniletea boksi la Airfix, la vipande vya kuunganisha mfano, ndani yake ndege ya kivita ya Uingereza, Spitfire, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Mabawa ya mita 11 na kidogo yanakuwa sentimeta 15 na nusu. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki. Unakata kwa kiwembe, unasugua kwa msasa. Gundi yake inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, na ikikauka vipande viwili vimekuwa kimoja. Rubani lazima akae kwenye kiti kabla hujafunga ubavu wa ndege. Ukimsahau, basi tena. Nilipenda sana utaratibu huo wa kwanza hiki, halafu kile. Wala haukuwa mgeni kwangu: nani aliyekulia huku hajatengeneza gari la mabua, magurudumu yakiwa vipande vya kandambili?

Ndege ilipokamilika nikajiuliza kwa nini nisitengeneze kitu cha kwetu. Upana wa reli ya TAZARA ni milimita 1,067. Gawanya kwa 72, unapata karibu milimita 15. Nilitumia spoki za baiskeli kuwa reli, na kadibodi kuwa mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, nikayapaka kijivu kwa sababu ya TAZARA ni ya zege. Behewa ni mianzi na bati la kopo la maziwa. Limenichukua miezi minne.

Sinema ndiyo inayomtoa mama jikoni. Tunaitazama kwenye simu, The General ya Buster Keaton, ya 1926, haina sauti wala haihitaji mtu wa kututilia Kiswahili. Dereva wa garimoshi ameibiwa garimoshi lake vitani na analifukuza. Kisa chenyewe kilitokea kweli, Marekani, Aprili 1862, na mmoja wa askari waliolichukua, William Pittenger, aliandika kumbukumbu zake. Sinema ilitoka humo, ila Keaton akamgeuza shujaa kuwa yule aliyeibiwa. Kwa hiyo hata hapo chini kuna kaunta buku la mtu.

Kuna mahali Keaton amekaa mbele kabisa ya garimoshi linalokwenda, amekumbatia taruma, na jingine limelala juu ya reli mbele yake. Analirusha lile la mikononi, linapiga ncha ya lile la chini, yote mawili yanaruka pembeni. Mara moja tu, bila kubabaika. Nimeitazama mara nyingi na kila mara nashika pumzi. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga, halafu akanyamaza.

"Baba yako asingekubali," akasema. "Taruma haliachwi juu ya njia, mwanangu. Angerudi usiku kulitoa."

Hilo halimo kwenye daftari. Nikamwomba aendelee, akaniambia habari za taa ya chemli, za mbwa aliyekuwa akimfuata baba kazini, za usiku wa mvua alipotoka mara tatu. Nimeyaandika nyuma ya daftari, kurasa ambazo baba aliziacha tupu.

Behewa bado halina ngazi. Mama anasema zilikuwa tatu kila mlango, baba hakuandika. Jumamosi nitakwenda stesheni kuzihesabu.