Zaburi Iliyoishia Gizani

Leo alfajiri jumuiya yetu imesali nyumbani kwangu, na nakiri kwamba nilitamani zamu hiyo ingeangukia kwa jirani, kwa sababu tangu nilipopunguzwa kazini, miezi 7 iliyopita, hata sukari ya chai ya wageni ni jambo la kupigiwa hesabu.

Nilitarajia somo la kunitia moyo, kama yale ninayotumiwa kwenye simu kila siku (nashukuru, lakini mengine huchosha).

Badala yake, mama mzee anayetuongoza alifungua Zaburi ya 88, akasoma aya zote 18 polepole mpaka neno la mwisho, ambalo katika Biblia yangu ni "gizani". Kisha akavua miwani, akanyamaza.

Hakuna aliyeharakisha kusema amina. Tulisikia jogoo wa jirani, tukasikia na birika likianza kuchemka jikoni.

Baadaye, akinishika mkono mlangoni, alisema, "Mwanangu, tazama analalamika kwa nani."

Nimerudi kuisoma peke yangu. Mwenye zaburi hapewi jibu lolote, wala hajifanyi kuwa na furaha, lakini aya ya kwanza inamwita Mungu wa wokovu wake, na machungu yote yanayofuata anamwambia huyo huyo.

Kwa mara ya kwanza tangu Machi nimesali bila kupamba maneno, nikalia, kisha nikaosha vikombe.

Wapendwa, ninyi husoma nini siku ambazo maneno ya faraja hayaingii? Niandikieni hapa chini.