Fedha ni machozi ya mwezi

Bangili ya fedha ya marehemu bibi ilikatika, leo nikaipeleka kwa sonara Mji wa Kale. Aliipasha moto hadi ikawa nyekundu, kisha kipande kidogo cha lehemu kikalegea ghafla, kikang'aa kama zebaki na kukimbilia ndani ya ufa. Nilisahau hata kupumua.

Kila usiku huwahadithia watoto wa dada yangu habari za nchi niliyoibuni. Huko, fedha ni machozi ya mwezi yaliyogandia mwambani. Mwongo akiivaa, hugeuka nyeusi. Chuma ni nyota iliyofukuzwa mbinguni, ndiyo maana majini hukiogopa.

Hilo la chuma sikulitoa hewani. Bibi alikuwa akiweka kisu chini ya mto wa mtoto mchanga. Na lile jambia la Tutankhamun, farao wa Misri, mwaka 2016 watafiti walilipima wakathibitisha kwamba chuma chake kilitoka kwenye kimondo. Zaidi ya miaka 3,200 kaburini na bado halikuwa limeliwa sana na kutu!

Bangili ninayo mkononi sasa. Mdogo wao ameishika, ameinusa, kisha akauliza: "Na shaba je, mjomba, ilimlilia nani?"

Nimemwomba anipe mpaka kesho usiku.