Haidroksiyurea kwa mwanangu mwenye selimundu: tulivyoanza na tunavyoendelea

Kipimo cha kwanza cha selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda seli nyekundu za damu, kilisema mwanangu hana tatizo. Ilikuwa 2018, ana miezi minne, nami nilimpeleka zahanati kwa sababu wifi yangu alishazika watoto wawili "walioishiwa damu" na sikuwa nalala kwa hofu. Wakamtoboa kisiginoni, wakachanganya tone la damu na dawa kwenye kioo, wakaliangalia kwa hadubini, wakaniambia nenda nyumbani mama, seli ziko sawa. Nilimpigia mama yangu simu nikiwa bado barabarani.

Miezi minne baadaye aliamka mikono na miguu imevimba, vidole vimejaa kama soseji, ukimgusa tu analia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Bibi yake alisema amelaliwa. Jirani akasema ni baridi. Zahanati ileile wakampa dawa ya maumivu. Ni hospitali ya mkoa ndiko daktari alikomfunua kope, akambonyeza tumbo upande wa kushoto, kisha akaniuliza: "Mama, alipimwa akiwa na umri gani?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila mama aambiwe kliniki. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Mtoto huzaliwa na ya kitoto, wanaiita F, na hiyo haipindishi seli. Miezi ya mwanzo imejaa kwenye damu yake, kwa hiyo kipimo kile cha kioo kinaweza kutoa jibu la uongo. Himoglobini F inapopungua, kuanzia kama miezi sita, ile ya mundu inashika nafasi na ugonjwa unajitokeza. Wakarudia kipimo, safari hii daktari akaniita nichungulie hadubini. Niliona seli za damu ya mwanangu zimepinda kama mwezi mwandamo. Sijaisahau picha ile.

Lakini hata jibu hilo halikutosha. Kipimo cha kioo hakitofautishi mwenye ugonjwa na mwenye kubeba kinasaba tu. Ilibidi damu ipelekwe kwenye elektroforesisi, mashine inayotenganisha aina za himoglobini kwa umeme. Tulisubiri wiki tatu. Jibu likaja SS, yaani amerithi kinasaba cha mundu kwangu na kwa baba yake. Mimi na baba yake tukapimwa, sote AS, yaani tunabeba kinasaba kimoja tu, wazima kabisa, na kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto kama huyu. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wa selimundu kila mwaka, na wengi wa wazazi wao ni wazima kama sisi.

Alianzishiwa penisilini ya kunywa kila siku, vidonge vya foliki na dawa ya kuzuia malaria. Nesi akanifundisha kupapasa bandama: mtoto alale chali, miguu ikunjwe, vidole vyangu vitulie chini ya mbavu za kushoto wakati anavuta pumzi. Ikikua ghafla maana yake imenyonya damu, usisubiri asubuhi. Nilifanya hivyo kila siku kabla sijamwogesha. Siku moja niliikuta imevuka kitovu, tukakodi bodaboda saa tisa usiku, akaongezewa damu. Kupapasa kule kuliokoa maisha yake.

Mwaka 2020 daktari alipotaja haidroksiyurea, baba yake alikataa. Alikuwa amesikia kwamba ni dawa ya kansa, na ni kweli imetumika huko. Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi: dawa inashusha kinga, nasi tunaishi Muheza, malaria iko mlangoni. Sikumlaumu. Watafiti wenyewe walikuwa na hofu hiyohiyo. Nesi alimkalisha akamweleza kwamba hospitali ya Mulago, Kampala, walilipima swali hilo waziwazi: kundi moja la watoto wadogo wakapewa dawa, jingine vidonge visivyo na dawa, na malaria haikuongezeka kwa waliotumia dawa. Matokeo yalitoka 2017. Kisha ukaja utafiti wa REACH, watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwishoni mwa 2018. Ukilinganisha na kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 kwa mwaka, malaria ilishuka kutoka mara 46.9 hadi 22.9, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Mume wangu aliomba nesi arudie hiyo namba ya mwisho. Hakusema kitu mpaka tunafika stendi. Akasema, "Tuanze."

Dawa hii inafanya kazi kwa kurudisha ileile himoglobini F iliyomlinda akiwa mchanga. Tatizo ni dozi. Kapsuli ni ya miligramu 500, mtoto alikuwa na kilo 11, akihitaji kama 200. Mfamasia alituelekeza tuifungue, tuyeyushe unga wake kwenye mililita 10 za maji, tuvute 4 kwa bomba la sindano, zinazobaki zisihifadhiwe. (Hii ni dozi ya mwanangu kwa uzito ule, ya kwako utaambiwa na daktari wako.) Na mimi nilikuwa mjamzito, hivyo nilikatazwa kuugusa unga ule. Basi yeye aliyekataa ndiye aliyevaa glovu kila jioni na kuchanganya, na hakukosa siku hata moja.

Mwanzoni ni kupima damu kila mwezi, kwa sababu dozi inapandishwa polepole mpaka uboho, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, uanze kulegea kidogo, hapo ndipo inasimama. Mwezi wa saba nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, zilishuka chini ya 1,000 kwa maikrolita. Nikadhani tumemuua. Wakasimamisha dawa wiki moja, zikapanda, tukaendelea na dozi ndogo kidogo. Jambo jingine nililolijua kwa kukaa foleni: kwenye karatasi ya majibu kuna mstari wa MCV, ukubwa wa seli nyekundu. Dawa ikinywewa sawasawa unapanda. Nesi huangalia hapo kwanza kabla hajakuuliza kama mnameza.

Fedha ilitubana. Nilianza kutenga ya dawa kabla ya kodi, na tuliuza mbuzi wawili. Lakini damu yake iliyokuwa inacheza kwenye 6.8 sasa iko 9.1, na tangu 2021 hajaongezewa damu.

Mdogo wake alizaliwa tukiwa tumeshajua la kufanya. Alipimwa kwa kipimo kinachotenganisha himoglobini, si cha kioo. Ni AS.

Huyu mkubwa yuko darasa la kwanza, kilo 22, na mwezi uliopita aliambiwa dozi yake sasa ni kapsuli moja nzima. Jioni ile baba yake alishavaa glovu na kuweka maji mezani. Mtoto akaichukua kapsuli, akaimeza, akafungua mdomo tumkague.