Sura ya 19: joho jekundu limekubali kuvuliwa

Jana usiku, baada ya majuma sita ya kuandika na kufuta, sura ya 19 ya Jane Eyre, riwaya ya Kiingereza ya Charlotte Brontë ninayoitafsiri, imekubali kusomeka kwa Kiswahili. Ni ile ya maktabani Thornfield, ambamo Rochester, mwenye jumba hilo, amevaa joho jekundu na kofia pana iliyofungwa kwa leso chini ya kidevu, anajifanya ajuza mwaguzi ili Jane, mwalimu wa nyumbani humo, aseme yaliyomo moyoni mwake.

Kilichonitesa ni kiwakilishi. Kiingereza hutenga cha kike na cha kiume, na Charlotte Brontë anamtaja mwaguzi kwa kile cha kike mpaka siri inapotoka, hivyo msomaji hudanganyika pamoja na Jane. Kwetu "alisema" haifichui jinsia ya msemaji. Katika rasimu nne za mwanzo niliziba pengo hilo kwa kurudia "yule ajuza" karibu kila aya, na niliposikiliza sauti yangu nikizisoma, niliyoinasa kwa simu, nikatambua kwamba neno linalosisitizwa mno huamsha shaka. Niliudhika hata nikalifunga daftari kwa siku nane.

Kumbe nilikuwa naziba nilipopaswa kuacha wazi. Sasa Jane anaanza kwa kumwita mgeni "bibi". Kisha, maneno ya mgeni juu ya macho, mdomo na paji la uso la Jane yanapogeuka kuwa ya mtu anayependa, nimeondoa kila jina na kila neno la kuitana, nikabakiza kiambishi "a-", kile cha "alisema", peke yake. Msomaji hajui tena anamsikiliza nani, hadi mkono unaponyooshwa, si mkono wa kizee, na pete aijuayo Jane ikameremeta katika kidole kidogo. "Bwana" linasikika mara ya kwanza pale Jane anapomtaka avue joho, na kwangu neno hilo moja limelipa majuma yote sita.

Kigwe cha joho kina fundo, nami nilitamani sana kuchezea "fundo la moyo", lakini hilo kwetu ni kinyongo, na hawa wawili hawana kinyongo, nimelifuta. "Mpiga ramli" nalo nimeliepuka, maana ramli ina hesabu zake, na huyu hutazama kiganja na uso tu. Kinasa sauti cha simu kimenifaa kuliko kamusi zangu tatu, kwa kuwa kamusi hunipa maana ya neno, lakini hainionyeshi limechosha sikio kiasi gani linaporudi mara ya kumi.

Nilikusudia kuendelea na sura ya 20, yenye jeraha la Mason, mgeni wa Rochester, lakini nimeiweka kando ili kwanza niandike dibaji. Riwaya hii ilitoka London mwaka 1847 kwa jina la bandia la Currer Bell, jina lisiloonyesha jinsia, na wahakiki wakabishana kama mwandishi ni mwanamume au mwanamke. Leo nimeandika aya ya kwanza ya dibaji, nikimtaja mwandishi kwa "a-" tu. Jina la Charlotte bado sijaliweka.