Krediti 255

Namba ilikuwa 107. Megabaiti 107 kwa sekunde, na haikutaka kusogea. Usiku tukinakili mafaili makubwa, 107. Mchana foleni za wateja zikiwa zimefika mlangoni, 107. Linki tuliyokodi ya kunakilia data za benki kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa ya gigabiti 4, ambayo kwa faiba chaneli, lugha ya mitandao ya diski, ni kama megabaiti 400 kwa sekunde kila upande. Tulikuwa tunalipia nne, tunakula moja.

Ilikuwa mwaka 2017, Dar es Salaam, na mimi nilikuwa upande wa hifadhi ya data katika benki moja yenye makao yake Posta. Julai ya mwaka uliotangulia Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na ghafla kila mwenye fedha akaanza kuulizia viwanja huko. Benki yetu nayo ikaamua kituo chake cha dharura, kinachoshika nakala ya data yote Dar ikipatwa na janga, kiwe Dodoma. Sababu nzuri zilikuwepo. Dar ni mji wa bahari na mabonde. Aliyekuwapo Desemba 2011 anakumbuka Jangwani ilivyogeuka ziwa. Wapo waliosema Dodoma nayo ina matetemeko yake, maana Bonde la Ufa liko jirani. Ni kweli, lakini maji ya Jangwani na tetemeko la Dodoma hayapangi miadi ya siku moja.

Kwa asiyeishi na mambo haya: seva za benki hazihifadhi data ndani yake. Diski ziko kwenye makabati yao, na kati ya seva na makabati kuna swichi maalumu zinazounda mtandao wa hifadhi, ule tunaouita SAN. Itifaki yake, faiba chaneli, ilibuniwa kwa ajili ya umbali wa chumba na jengo, na ukiweka leza za masafa marefu kidogo inafika kilomita 10 bila kulalamika. Sisi tulitaka ivuke Kibaha, Chalinze, Morogoro, Gairo na Kibaigwa. Njia ya kufanya hivyo ni kukodi rangi moja ya mwanga, lamda, kwenye mfumo wa DWDM, ule unaopitisha rangi nyingi za mwanga ndani ya faiba moja. Mawimbi yanasafiri kwenye eneo la nanomita 1550 ambako kioo hupoteza mwanga kidogo kuliko kwingine kote, na kila baada ya kilomita 80 au zaidi kuna kibanda chenye kikuza mwanga. Barabara ya Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Faiba haifuati barabara kwa adabu. Inazunguka, inaachiwa mikunjo ya akiba kwenye mashimo. Mashine ya kupimia ikatuambia karibu kilomita 500.

Ugomvi ulianza mapema. Upande wa usafirishaji, yaani wenye faiba na vikuza mwanga, walituonyesha dashibodi yao: hakuna biti iliyoharibika, nguvu ya mwanga iko sawasawa, hata mfumo wa kurekebisha makosa haukuwa na kazi. Upande wetu diski zilikuwa zimekaa tu, hazitoki jasho. Aliyetuuzia swichi alikuwa akijibu kila barua pepe kwa kuomba logi zaidi, na nadhani hakuzifungua. Kikao kikawa cha kurushiana mpira.

Mkuu wetu wa idara, mtu wa vitendo, akatoa agizo: "Ongezeni kasi ya poti. Kama bomba ni dogo, weka bomba kubwa." Lamda ilikuwa na nafasi, kadi za transponda, zile zinazogeuza ishara za swichi kuwa rangi yetu ya mwanga, ziliruhusu, tukapandisha kutoka gigabiti 4 hadi 8. Tukaanzisha kunakili upya, watu watatu tumesimama nyuma ya skrini moja.

107.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Hitilafu ya kawaida hubadilika ukiigusa, hata kama ni kuwa mbaya zaidi. Hii ilikuwa kama haijatuona.

Kampuni iliyotukodishia lamda ikamleta mama mmoja, injinia wao mkongwe aliyekuwa anakaribia kustaafu. Alianza kazi enzi za minara ya maikrowevu. Aliingia na daftari la kawaida la mistari na kalamu iliyofungwa mpira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Swichi zenu zina krediti ngapi?"

Kijana mwenzangu akaanza kumweleza kuhusu gigabiti na joto la leza. Mama akamsikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akauliza tena, "Krediti, mwanangu. Kwenye ile poti inayoelekea Dodoma."

Nikaandika amri kwenye swichi. Jibu lilikuwa 255.

Faiba chaneli haitumi kitu kwa kubahatisha. Intaneti ya kawaida hutuma pakiti, ikipotea itatumwa tena. Faiba chaneli inaona hilo ni aibu. Kabla poti haijatuma fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, lazima iwe na krediti, na kila krediti ni nafasi moja tupu ya bafa, kumbukumbu ya kupokelea, upande wa pili. Ukituma fremu, krediti moja imeondoka. Inarudi pale tu mwenzako anapoipokea ile fremu, anasafisha bafa na kukurudishia ishara kwamba yuko tayari. Krediti zikiisha, unanyamaza. Hakuna kosa linaloandikwa popote na hakuna taa nyekundu inayowaka, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Unasubiri tu.

Mama akafungua daftari. Mwanga hewani huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini ndani ya kioo unapungua hadi 200,000 hivi, kwa hiyo kila kilomita inagharimu maikrosekunde 5. Kilomita 500 ni milisekunde 2.5 kwenda, na 2.5 kurudi. Jumla 5. Fremu kubwa kabisa ya faiba chaneli inabeba baiti 2,112. Akazidisha kwa 255 na kupata baiti 538,560: hicho ndicho kiasi tulichoweza kuwa nacho njiani kabla ya kunyamaza. Akagawanya kwa milisekunde 5.

Megabaiti 107.7 kwa sekunde.

Hakusema neno. Aliligeuza daftari upande wetu na kuomba maji ya kunywa.

Kinachonifurahisha hadi leo kwenye hesabu ile ni kwamba kasi ya poti haimo ndani yake. Tungeweka gigabiti 16, au 32, namba ingebaki ileile. Kwa gigabiti 8 fremu nzima inatoka kwenye poti kwa maikrosekunde 2.6 hivi, maana yake imetanda kwenye nusu kilomita tu ya kioo. Ili njia ya kwenda na kurudi isiwe na pengo, kilomita 1,000 kwa jumla, zinatakiwa krediti 2,000. Sisi tulikuwa na 255. Sehemu kubwa ya faiba kati ya Posta na Dodoma ilikuwa haina data muda mwingi, na tulikuwa tunailipia kwa dola. Na hapo ni fremu zikiwa zimejaa. Krediti huhesabu fremu, haihesabu baiti. Benki yenye miamala midogomidogo hutuma fremu nusu tupu, na kila moja inakula krediti nzima.

Swichi zetu zilikuwa na bafa za kutosha ndani ya kadi, ila zilikuwa zimefungwa. Kuzifungua kulihitaji leseni, na leseni haikuwemo kwenye ununuzi. Aliyetuuzia alifahamu fika kwamba linki ni ya Dodoma, maana jina Dodoma liliandikwa kwenye kila ukurasa wa zabuni. Sitasema zaidi.

Kikao cha kuombea fedha za leseni ndicho kilichogeuka kuwa kikao chenyewe. Mkurugenzi aliuliza swali lililokuwa la haki kabisa: "Tukilipia hii, kila muamala utaandikwa Dar na Dodoma kwa wakati mmoja?" Maana mshauri aliyeandaa mpango wa dharura alikuwa ameandika kwamba hakuna muamala hata mmoja utakaopotea. Ili hilo litimie, diski za Posta haziruhusiwi kumjibu mteja "tayari" mpaka za Dodoma ziseme zimeshaandika.

Nilitazama upande wa mama. Akanipa ishara ya mkono niendelee.

Nikaeleza kwamba leseni inaongeza wingi wa data, haipunguzi muda wa safari. Tendo la kuandika kwenye diski lina mazungumzo yake: seva inasema nataka kuandika, diski inajibu leta, seva inaleta, diski inajibu nimepokea. Hizo ni safari mbili kamili za kwenda na kurudi, milisekunde 10. Swichi nyingine zinaweza kudanganya kidogo kwa nia njema, ile ya Posta ikajibu "leta" kwa niaba ya Dodoma, na safari ikabaki moja. Lakini lile "nimepokea" la mwisho halina mtu wa kulisema kwa niaba. Ndani ya chumba kimoja tendo hilohilo linakwisha chini ya milisekunde moja.

"Milisekunde kumi ni nini?" mkurugenzi akauliza. "Mteja hata kope hajapepesa."

Mteja mmoja, kweli. Nikamtajia kazi ya kufunga siku, ile inayokokotoa riba na makato usiku, ambayo huandika jambo moja, ikasubiri, ikaandika la pili. Ikiandika mara milioni moja mfululizo na kila moja ikisubiri milisekunde 10, hizo ni sekunde 10,000. Karibu saa tatu zinaongezeka kwenye usiku ambao tayari ulikuwa unakaribia kugusa asubuhi. Mkurugenzi wa matawi, aliyekuwa kimya akichezea simu, aliiweka chini.

Mshauri akasema kwamba benki za nje zinafanya. Zinafanya, kwa umbali mfupi. Baada ya Septemba 11, 2001 wasimamizi wa fedha wa Marekani walijadili kuzilazimisha taasisi kubwa ziweke vituo vya akiba mamia ya maili mbali, na waraka wao wa 2003 ukatoka bila kutaja umbali wa lazima. Mipaka ya nakala ya papo hapo ilikuwa sehemu ya mjadala ule. Wall Street yenyewe haikupewa msamaha na kasi ya mwanga.

Tulitoka na mpango wa vituo vitatu. Cha pili kikawa Mbezi Beach, kama kilomita 20 za faiba, ambako safari ya kwenda na kurudi ni sehemu ya tano tu ya milisekunde. Huko kila muamala unaandikwa papo hapo. Dodoma inapokea nakala inayofuata nyuma kidogo, na bodi ikakubali kwa maandishi kwamba Dar nzima ikipotea, tunaweza kupoteza hadi dakika tano. Kuandika sentensi hiyo kulichukua muda mrefu kuliko kufunga swichi.

Leseni ilipokuja tukaweka krediti 2,000. Grafu ikapanda hadi ikapita 600, na kuanzia hapo diski ndizo zilizokuwa zikishindwa kusukuma. Kijana mwenzangu alipiga picha ya skrini.

Mama hakupiga makofi. "Mmehesabu njia fupi," akasema. "Siku greda likikata huko Gairo, mwanga wenu utapita Arusha." Akatufuatishia njia ya akiba kwenye ramani: kaskazini hadi Moshi na Arusha, kushuka Babati, kuingia Dodoma kwa nyuma. Kilomita 1,100 kwa makadirio yake. Hapo zingehitajika krediti 4,400, na ili zipatikane ilibidi kunyang'anya bafa za poti jirani kwenye kadi ileile, yaani kununua kadi nyingine ya kuhamishia wale majirani. Tuliomba. Bajeti ilikuwa imeshafungwa, tukaambiwa tukumbushe mwakani.

Masika ya mwaka uliofuata kebo ikakatika, kwa mafuriko wala si greda, na linki ikahamia kaskazini yenyewe kama ilivyopangwa. Kwa matawi hakuna aliyejua. Kwetu safari ya kwenda na kurudi iliruka kutoka milisekunde 5 hadi 11, na ile 600 ikashuka mpaka 380 na kitu, vilevile bila taa nyekundu wala kosa lolote kwenye logi. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mishahara inaingia. Dodoma ikaanza kubaki nyuma: dakika moja, mbili, tatu na nusu. Tuliahirisha ripoti zote zisizo za lazima, zikabaki kazi za mishahara peke yake, na ikasimama kwenye nne kabla haijaanza kurudi.

Kadi ya pili iliidhinishwa wiki hiyohiyo, bila kikao.

Tangu hapo, sharti langu la kwanza nikipokea linki ya masafa marefu ni kwamba wachomoe njia fupi mbele yangu, tupime mzigo kwenye ile ndefu. Mkandarasi mmoja aliwahi kunibishia kwamba hakuna anayepima njia isiyotumika. Nikampigia mama, aliyekuwa ameshastaafu na kurudi kwao Moshi, nikaweka simu kwenye spika. Alimwomba yule mkandarasi amtajie kwanza kilomita, halafu krediti. Mkandarasi akasema atamrudia baada ya kuangalia.