Korido ya shangazi

Jumapili tumerudi misa ya pili, wali uko jikoni, nasikia puu puu puu huko koridoni. Kwenda kuangalia nakuta dogo kachora goli la chaki ukutani na mtoto wa jirani ndo golikipa. Kabla sijafungua mdomo kaniwahi, "Mama, kwani kati ya chumba changu na hii korido kipi kikubwa?" Ana rula ya shule mkononi, keshapima. Kitanda kikishakaa chumbani kwake kinabaki kinjia cha sentimita 60, huku koridoni ana mita nzima na ishirini juu.

Nikamwambia kamuulize bibi yako. Bibi yake, yaani shangazi yangu, nesi wa sindano, alikuwa sebuleni na redio, akajifanya hasikii.

Haya, korido ilivyopata ukubwa huo. Ilikuwa 2016 mwezi wa saba, ule wa baridi ya kukata masikio. Kiwanja cha Moshono, hapa Arusha, tushakimaliza kulipa, mita 20 kwa 25, kimeinama kidogo kuelekea kusini kama ardhi nyingi ya huku chini ya Meru, na ramani imefika ya nne. Ya kwanza ilikuwa na vyumba vitano, ya pili ina baraza ya nyuma sijui ya kukaa nani, ya tatu sitaki hata kuikumbuka. Baba watoto alichotaka ni sebule ambayo jumuiya wakija hakuna wa kukalia ndoo nje. Mimi nilitaka chumba chetu cha masta chenye kabati la ukutani, ukuta mzima, milango ya kuteleza, nililiona kwa mtu Njiro na tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana. Skwea mita zikawa hazitutoshi wote wawili, pa kubana pakaonekana pamoja tu, korido. Kijana wa michoro akaifinya mpaka sentimita 90. "Mama, korido ni ya kupita, siyo ya kukaa," na mimi nikaona kasema jambo la busara kabisa maana kabati langu limepona.

Michoro ilikuwa iende halmashauri Jumatatu kuombea kibali. Ishatolewa kopi, iko kwenye bahasha ya kaki pamoja na kopi ya hati na risiti za kodi ya ardhi. Ila kazini kuna dada alikuwa ameshajenga akanitisha, akaniambia wewe mwaya, kufuta laini kwenye karatasi ni hela ya soda, kubadilisha mchoro ukishagongwa muhuri unarudi kupanga foleni upya, sasa ukuta ukishafika lenta, kule juu ya madirisha, hapo ni ugomvi wa ndoa. Basi Jumamosi tukabeba kiroba cha majivu na tepu, tukaenda kuichora nyumba chini, kwenye udongo, ukubwa wake ule ule. Machalii wawili wakatung'olea mabua ya mahindi, wakamwaga majivu tunapowaonyesha. Jamani nyumba ikichorwa chini inakuwa ndogo! Nilisimama kwenye jiko langu nikaona nimesimama kwenye kanga.

Shangazi akafika na Coaster ya Moshi, boda ikamshusha na mkungu wake wa ndizi. Nesi mstaafu, maisha yake yote wodini. Shikamoo, marahaba, akauliza mlango uko wapi. Nikamwonyesha pale tulipoacha bila majivu. Akatoka nje ya nyumba, nje ya nini sasa, nje ya majivu, akasimama pale kwenye uwazi akapiga hodi. Hakuingia mpaka baba watoto alipoitikia karibu mama. Akageuka sebuleni, akatazama dirisha lilipo. "Mmeliweka kaskazini. Sawa, mwezi kama huu jua linapitia huko, mtaota." Tukapumua.

Afu akauliza, "Chumba cha mgonjwa ni kipi?"

Nikamwambia hatuna mgonjwa.

"Kila nyumba inacho. Nyie hamjakijua tu."

Akaingia korido, taratibu, mkono umenyooka kama anayepapasa ukuta, mpaka kwenye ile kona ya kukata kwenda masta. Akasimama. Akaweka mkoba chini. Akawaambia machalii waende kwa jirani aliyekuwa anapaua wakaazime ngazi. Ikaja ya mbao, kama futi saba hivi, akaamuru iwekwe chini masta, akamgeukia baba watoto na ile sauti ya wodini, "Baba, lala."

Sasa mkwe atakataa? Na jaketi lake la Jumamosi, viatu kapaka kiwi. Akalala juu ya ngazi, mikono kaikunja kifuani, macho anatazama mawingu. Machalii mmoja mbele mmoja nyuma wakamnyanyua, shangazi anawaelekeza kwa kidole, polepole, msimtikise. Wakatoka mlango wa masta vizuri. Wakafika konani. Wa mbele akakata, ngazi ikagoma, wa nyuma akasogea pembeni kidogo apate nafasi, kiatu kikakanyaga majivu.

"Umevunja ukuta! Rudi!"

Wakarudi. Safari hii wakainamisha ngazi ubavu, baba watoto akashika mbao kwa mikono miwili, shangazi akapiga kelele, "Ana dripu huyo!" Wakarudi tena. Mara ya tatu yule wa mbele akapata akili, akainua upande wa kichwa juu ili ngazi isimame na ipite wima, baba watoto akateleza mpaka viatu vikagusa udongo, akawa amesimama katikati ya korido na ngazi mgongoni kama fundi umeme. Machalii wakaangua kicheko, mimi pia, na mwenyewe akacheka.

Shangazi hakucheka. Akasema, siyo kwa ukali, "Huyu leo kasimama. Kuna siku mtu anatoka chumbani kwake na hasimamishwi."

Kukawa kimya hapo. Kaupepo kakapita kakachukua majivu kidogo ya chumba cha watoto. Na mimi, Mungu anisamehe, kichwani kwangu nilikuwa kwenye kabati, nikamwambia shangazi si kuna dirisha kubwa masta. Akaniangalia kuanzia kichwani. "Mume wako utamtolea dirishani?"

Basi kabati likafa siku ile ile, kona ikalimeza. Tukafuta kwa miguu, tukamwaga majivu upya kwa 120, machalii wakapita na ngazi na mgonjwa wao bila kukanyaga kitu, wakarudia mara mbili kwa raha zao. Sentimita 30 za korido tukazikata chumba cha mtoto, ambaye kipindi hicho hajazaliwa, kwa hiyo hakuwa na wa kumtetea. Jumatatu haikuwezekana, kijana wa michoro akanuna wiki nzima, tukapeleka, ikarudi kwa sababu karo la maji machafu tuliliweka karibu mno na mpaka, tukalisogeza, kibali kikatoka. Msingi, bloku, kenchi, mkopo, tukahamia madirisha mengine bado mabati. Mnayajua hayo.

Tangu tumehamia hiyo korido imepita friji, imepita sofa, baiskeli kila siku ya Mungu. Machela bado, na ile nyingine pia bado, na siombi ipite ili nijue kama tulifanya sawa.

Ila shangazi mwenyewe mwaka huu kaanguka, wakamfanyia operesheni ya nyonga, tukamchukua akae kwetu. Chumba kilicho karibu na choo ni cha dogo, kile kile tulichokikata, dogo kahamia kwa kaka yake na godoro. Juzi saa tisa usiku nasikia fimbo inagonga tok, tok, afu kimya. Natoka nakuta kasimama katikati ya korido, fimbo mkono mmoja, mwingine kaunyoosha ukutani.

"Nikishika ukuta huu, ule uko Kenya. Nani kachora huu uwanja?"

"Wewe, shangazi."

"Mimi nilisema machela. Sikusema mpira."

Jana nikaita fundi aje aweke mabomba ya kushikia pande zote mbili, mpaka chooni. Kapima, kahesabu, bomba na nafasi ya vidole ni kama sentimita kumi kila upande, akasema haina shida, itabaki mita moja kamili. Shangazi alikuwa anakunywa uji. Akashusha kikombe.

"Na pale kwenye kona?"